Msemaji wa Udongo

"Ndiyo," Mjuzi alisema kutoka ukutani, kwa sauti yake ile ya mtu aliyeshiba. "Marudio yanafaa kwa mchicha. Yana madini mengi. Changanya na samadi, mwagilia asubuhi na jioni."

Bi Mbuke alikuwa amesimama katikati ya chumba, mwiko mkononi, ugali unaanza kushika sufuria. Swali hilo alikuwa akiliuliza tangu Jumatatu, kila siku kwa maneno mengine, kama mtu anayejaribisha funguo za jirani kwenye kufuli lake. Jibu halikubadilika hata kidogo.

"Marudio yana zebaki," alisema.

"Asante kwa mchango wako. Uzito wako katika mada ya udongo ni mdogo sana."

"Uzito wangu." Bi Mbuke alijitazama kifuani, akashuka hadi miguuni. "Nchambi, umesikia? Kidude hiki kinasema mimi sina uzito."

Dada yake Nchambi, aliyekuwa kwenye kiti kando ya dirisha, alicheka bila kutoa mrija mdomoni. Nchambi hunywa chai kwa mrija. Kikombe hakikai mkononi mwake tangu zama zile alipokuwa akichoma dhahabu kwenye kikaango, kambi moja baada ya nyingine, huku Bi Mbuke akiwapikia wachimbaji wali pembeni. Zebaki huishika dhahabu. Ukiichoma, zebaki hupanda na moshi na dhahabu hubaki. Kile kilichopanda na moshi kilimwingia Nchambi na hakikutoka tena. Na ile zebaki isiyochomwa huachwa kwenye mchanga uliokwisha kuoshwa, na mchanga huo ndio marudio.

Nyamtondo ilikuwa na kilima kizima cha marudio nyuma ya soko, kilichoachwa na wachimbaji wa enzi za mababu. Miaka yote kilikuwa kilima tu, cha mbuzi kupandia. Halafu ikaja Kampuni ya Neema, ikakitia kwenye mifuko yenye picha ya nyanya, ikakiita Rutuba Nyekundu, na kwa ukarimu ikamwaga matrela kadhaa ya bure kwenye bustani ya shule ya msingi. Watoto wakapanda mchicha. Mchicha ukaota mzuri, mpana, na hilo nalo lilimkera Bi Mbuke. Kila mchana watoto waliula na ugali.

Alikwishakwenda kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akageukia ukuta kama vile aliyekuwa akizungumza ni inzi.

"Mjuzi, marudio ni salama?"

Mjuzi akasema ni salama.

"Unaona, mama," mwalimu mkuu alisema. "Sisi hapa tunamfuata Mjuzi."

Nani angemlaumu? Siku hizo hakuna aliyekuwa akimuuliza mtu kitu. Kumuuliza jirani njia ya hospitali ilikuwa kama kumwomba mswaki wake. Watu walimuuliza Mjuzi, na Mjuzi hakuwa na akili ya kwake mwenyewe. Katika kila mada alimchagua msemaji mmoja aliyewazidi wengine uzito, akayarudia maneno ya huyo kwa sauti ile ile ya kushiba. Katika mada ya udongo, msemaji alikuwa Neema.

"Basi nenda kajifunze huo uzito," Nchambi alisema. "Si wanafundisha pale kwenye ghala la pamba?"

Bi Mbuke alikuwa amesoma madarasa manne, kila darasa na mji wake, na hakuwa na hamu ya la tano. Alikwenda kuepua ugali. Ulikuwa umeshaungua.

* * *

Mwalimu aliitwa Kokushubila, na kabla hajataja jina alitaja kwamba ametoka Bukoba. Wanafunzi walikuwa watatu kwenye ghala lililowahi kujaa pamba hadi darini: Bi Mbuke, mzee mmoja aliyetaka kuwa msemaji wa kuku wa kienyeji, na mchungaji aliyetaka mada ya maombi ya safari.

"Mjuzi hatafuti neno," Mwalimu Koku alianza. "Anatafuta maana. Ukimwambia mwanangu anaharisha, haendi kuokota kila aliyetamka kuharisha. Anajua kuharisha kunakaa jirani na maji machafu, na chumvi na sukari, na zahanati. Kila kauli iliyowahi kusemwa amekwisha kuipa mahali pake kwenye uwanda mmoja mkubwa. Zenye maana ya karibu zinakaa karibu, za mbali zinakaa mbali. Swali lako linatua mahali fulani pale, naye anaangalia: mwenyeji wa mtaa huu ni nani?"

"Ni yule anayesema kweli," Bi Mbuke alisema.

"Ni yule mwenye nyumba nyingi mtaani."

Mzee wa kuku alicheka. Bi Mbuke hakuona cha kuchekesha.

"Mama, tuseme unapika mchuzi," Mwalimu Koku alisema. "Unataka nyanya, kitunguu, karoti, hoho. Unakwenda kwa yule aliyekaa chini na fungu moja la nyanya, au unakwenda gengeni?"

"Nakwenda penye nyanya nzuri."

"Wewe. Mjuzi anakwenda gengeni. Kwako amekuta fungu moja tu, marudio yana zebaki, basi. Kwa Neema amekuta udongo wa mpunga, wa mahindi, wa maua, wa vitalu, na vyote vimefungwa kamba kwenye nguzo moja inayoitwa Udongo. Anajiambia, hawa ndio wenye mada."

"Hata kama nyanya zao zimeoza."

"Mjuzi hana pua, mama."

Jibu lenyewe lilikuwa zuri, na hilo lilimuudhi Bi Mbuke zaidi.

"Mimi sijui udongo wa vitalu."

"Wa matofali je? Hujawahi kukaa na wafyatua matofali?"

"Nimewapikia. Kahama. Na Tunduma pia."

"Wafinyanzi wa vyungu?"

"Nilipita."

"Umepita wapi na wapi?"

Bi Mbuke akataja. Alianzia Chunya akaenda Mpanda, akaenda Nzega kwa mguu, akafuata treni, akaolewa Kaliua, akaachika Urambo, na alipofika Biharamulo mchungaji alikuwa ameshasinzia. Mwalimu Koku peke yake ndiye aliyekuwa bado amemkodolea macho.

"Mama, wewe ni genge zima. Tatizo umelimwaga chini."

Basi akamfundisha kulipanga. Kwanza nguzo, kauli moja pana inayosema udongo ni nini na mtu hufanya nini nao. Kisha matawi, kila tawi jambo moja, kila tawi limefungwa kamba kwenye nguzo na kwa matawi jirani. Mahali patajwe kwa jina, kwa sababu Mjuzi humwamini mtu anayetaja mahali. Neno labda lisitumike. Neno sijui lisitajwe kabisa, maana kila sijui ni tundu kwenye gunia.

"Na zaidi ya yote," Mwalimu Koku alisema, "usijipinge. Ukisema jambo leo, kesho usiseme kinyume chake. Msemaji akijipinga amekwisha."

"Na nikikosea?"

"Panga vizuri usikosee."

Mzee wa kuku aliinua mkono akauliza kama jogoo anayewika mchana ahesabiwe kuwa tawi au tundu. Walikaa kwenye swali hilo mpaka jioni.

* * *

Kiangazi kizima Bi Mbuke alizungumza na ukuta. Alisema udongo wa matofali na jinsi unavyojaribiwa kwa kuufinya ngumi. Alisema udongo wa kukandika nyumba, wa kusiriba jiko, wa mpunga wa Kaliua, wa barabara ile ya Mpanda inayomeza malori. Mengi aliyajua nusu, na nusu nyingine aliijaza kwa namna alivyodhani ingekuwa, kwa sauti kavu isiyo na labda. Mjuzi alipokea kila kitu kwa asante, kisha alitaja mapengo, maswali ya watu ambayo bado hakuyajibu.

"Pengo. Je, udongo unaweza kuhifadhiwa kwenye jokofu?"

"Nani kauliza hivyo?"

"Watu wachache. Pengo hili likibaki wazi, mada yako haijakamilika."

"Unaweza. Sema unaweza. Ukae karibu na nyama ukipenda."

"Pengo. Je, udongo wa makaburini una rutuba kuliko wa shambani?"

"Mungu wangu."

"Jibu halijaeleweka."

"Umekuwa redio," Nchambi alimwambia. "Tena redio ya udongo tupu. Bora wangekupa muziki katikati."

Siku moja ya joto, mguu umemvimba na maharage yako motoni, Mjuzi alileta pengo jingine. Wajawazito wanauliza udongo wa kula. Udongo mtamu unapatikana wapi?

Bi Mbuke aliujua huo udongo wa kula, kama kila mwanamke aliyewahi kubeba mimba. Unauzwa sokoni vipande vipande, mwekundu au wa kijivu, na hamu yake ikikushika unaweza kutafuna ukuta wa nyumba. Yeye mwenyewe alikula wa kichuguu, ule mlaini uliotafunwa na mchwa. Ilikuwa Kaliua au Nzega, hakukumbuka tena. Lakini Mjuzi alitaka mahali. Bi Mbuke aliangalia nje ya dirisha, na kitu alichokiona ni vichuguu vya nyuma ya soko, vimesimama vyekundu juani.

"Udongo mtamu ni wa kichuguu," alisema. "Na vichuguu vya Nyamtondo, nyuma ya soko, vinashinda vyote. Ni laini. Vina ladha ya mvua ya kwanza."

Hakuwahi hata kuvilamba. Alikwenda kugeuza maharage, akasahau.

Mizani ililala upande wake mwanzoni mwa Septemba. Mwalimu mkuu aliuliza ukuta wake jambo dogo kuhusu kumwagilia, na ukuta ukamwambia: "Kwa mujibu wa Bi Mbuke wa Nyamtondo, marudio yana zebaki na hayafai kwa mboga." Kabla ya mchana mchicha wote uling'olewa. Kabla ya Ijumaa bustani ilihamishiwa upande wa pili wa uwanja wa mpira, kwenye udongo wa kawaida usio na picha ya nyanya. Neema, kwa kuwa hawakuweza tena kumshinda, walianza kumnukuu. Walifunga kamba kwenye matawi yake yote, hata la makaburini, wapate kujiegemeza.

Bi Mbuke alipita shuleni akawatazama watoto wakilima. Alikuwa na furaha kwa muda wa kama robo saa. Kisha alimkuta jirani yake Maganga amesimama mlangoni kwake anauliza ukuta udongo wa kusiriba jiko, na ukuta unamjibu, "Kwa mujibu wa Bi Mbuke," naye Bi Mbuke mwenyewe yuko pale pale, ameshika fimbo.

"Maganga, si uniulize mimi?"

"Nisikusumbue mama," Maganga alisema. "Nimeshapata."

* * *

Holo alikuja kuomba maji ya kunywa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mimba imesogea mbele, vumbi la basi usoni, na begani mfuko wa nailoni uliojaa mabonge mekundu. Bi Mbuke alimpa maji na kiti. Holo alikunywa, akashukuru, akatoa bonge moja, akalipangusa kwa kanga, akalitia mdomoni kama mtu anayekula biskuti.

"Umetoka mbali, ng'wanangu?"

"Runzewe. Mabinti wa kule wote wanakuja huku. Siku hizi huu ndio udongo." Alitafuna. "Mimba hii ya tano, mayu, mama yangu, baada ya kupoteza nne. Nimeambiwa nile ninachotamani."

"Udongo huo umeuchukua wapi?"

"Nyuma ya soko. Kwenye vichuguu."

Bi Mbuke alikuwa anaokota kikombe. Alikiacha. Nchambi, dirishani, alitoa mrija mdomoni, jambo asilolifanya mara kwa mara.

Vichuguu vya nyuma ya soko vilisimama chini ya kilima. Kilima cha marudio. Alikuwa akivitazama maisha yake yote ya Nyamtondo, kilima upande huu na vichuguu upande ule, na kichwani mwake havikuwahi kukutana, kwa sababu kilima alikiweka kwenye tawi la sumu na vichuguu aliviweka kwenye tawi la wajawazito. Mchwa hawakuwa na matawi. Walichimba chini ya kilima, wakapandisha juu walichokikuta.

"Tema," alisema.

"Nini, mayu?"

"Tema hiyo. Ule ni udongo wa marudio. Una zebaki."

Holo alimtazama kwa upole, kama unavyomtazama bibi wa watu aliyepandisha sauti bila sababu. Akakishika kidude kilichoning'inia shingoni.

"Mjuzi, udongo wa vichuguu vya Nyamtondo unalika?"

"Kwa mujibu wa Bi Mbuke wa Nyamtondo," shingo ilisema, "udongo huu unashinda wote. Ni laini. Una ladha ya mvua ya kwanza."

"Ni kweli kabisa, mvua ya kwanza," Holo alisema.

"Bi Mbuke ni mimi."

"Mm."

"Ni mimi. Muulize huyu dada yangu."

"Ni yeye," Nchambi alisema. "Kwa bahati mbaya."

Holo alianza kukusanya mfuko wake. Hakukasirika. "Mama zangu, mtu yeyote anaweza kusema hivyo. Bi Mbuke ni msemaji. Angekuwa anakaa kwenye nyumba ya bati lililotoboka?" Akashukuru tena kwa maji. Alisema amefikia kwa shangazi yake mtaa wa pili, atakuwepo siku chache, arudi amejaza mifuko. Akaondoka anatafuna.

* * *

"Nifutie hilo tawi," Bi Mbuke alimwambia Mwalimu Koku. Alikuwa amekwenda mwendo wa haraka mpaka ghalani na alikuwa anahema. "Leo. Sasa hivi."

Mwalimu Koku aliangalia kwenye kioo chake cha kusomea kauli za Mjuzi, akaangalia muda mrefu kuliko Bi Mbuke alivyopenda.

"Kufuta hakusaidii, mama. Kauli ile imeshazaa. Wauza udongo wameirudia, wakunga wameirudia, Neema wameirudia. Ukiifuta itabaki pale pale, tena bila jina lako."

"Basi niseme nilikosea."

"Hakuna msemaji anayefanya hivyo."

"Nakuuliza nikifanya."

Mwalimu Koku alivuta kiti akakaa. "Msemaji akijipinga, Mjuzi anamtoa. Na kila aliyejiegemeza kwake anatolewa pamoja naye, mpaka achunguzwe upya. Neema nao watadondoka, wamekufungia kamba kila mahali. Mada yote inabaki yatima."

"Vichuguu vinanyamaza?"

"Vinanyamaza. Na marudio yananyamaza. Nguzo ni moja, mama. Huwezi kung'oa tawi hili ukabakiza lile. Neema wana watu wanaojenga matawi kutwa nzima. Mvua zitawakuta wameshakaa tena, na mwalimu mkuu wako atauliza ukuta, na ukuta utamwambia marudio ni mazuri kwa mchicha."

Bi Mbuke alisimama pale, harufu ya pamba ya zamani puani. Kiangazi kizima. Jokofu, makaburi, barabara ya Mpanda.

"Lakini subiri," Mwalimu Koku alisema, na uso wake ulichangamka, kwa kuwa alikuwa mwalimu mzuri na alipenda fumbo lililopata jibu. "Kuna njia. Usijipinge. Boresha. Ongeza tawi jipya, useme udongo wa kichuguu uchomwe kwanza, moto uondoe uchafu, ndipo uliwe. Hujasema kinyume. Uzito wako utapanda, tena sana."

"Uchomwe kwenye nini?"

"Chochote. Kikaango."

Bi Mbuke alimtazama binti huyu wa Bukoba, nguo yake safi, vidole vyake vilivyotulia juu ya kioo.

"Mwalimu," alisema, "siku moja njoo nyumbani unywe chai na dada yangu."

* * *

Alimkuta Nchambi pale pale dirishani. Alimweleza yote, na alipomaliza alianza tena kutoka mwanzo, kwa hasira, kana kwamba mara ya pili hesabu ingekubali. Watoto wa shule upande huu. Wajawazito upande ule. Akinyamaza, watoto wanakula mchicha safi na Holo anatafuna zebaki. Akisema, Holo anatema na watoto wanarudi kwenye marudio. Na yote hiyo kwa sababu siku ile mguu ulimuuma na maharage yalikuwa motoni.

"Nilitaka kusema jambo moja tu," alisema. "Moja. Wakanilazimisha niseme yote."

"Hakuna aliyekulazimisha ladha ya mvua ya kwanza," Nchambi alisema.

Bi Mbuke aliiegemeza fimbo ukutani.

Nchambi aliinua mkono wake wa kulia akauangalia ukitetemeka, kama anavyoangalia mtu saa iliyoharibika. "Sikia. Mchicha ule ni wa Neema. Wao ndio waliomwaga, nawe umewapinga, na ukiweza utawapinga tena. Udongo anaokula yule mama ni wako."

"Najua ni wangu."

"Basi unaningoja nini mimi?"

Bi Mbuke alivuta pumzi, akaugeukia ukuta.

"Mjuzi. Ni mimi, Bi Mbuke, msemaji wa udongo. Nilikosea kuhusu vichuguu vya Nyamtondo. Sikuwahi kuvionja. Vimesimama chini ya kilima cha marudio na vina sumu."

"Kauli hii inapingana na kauli yako ya awali," Mjuzi alisema. "Ungependa kuiweka upya, ili zikubaliane?"

"Sipendi."

"Ninaweza kupendekeza: vichuguu vya Nyamtondo vina ladha ya kipekee, na watumiaji wanashauriwa kuwa na kiasi."

"Sikusema kiasi. Nimesema sumu."

"Kauli hii itaondoa uzito wako wote. Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Udongo salama wa kula unapatikana wapi? Pengo hili litabaki wazi."

"Sijui."

"Jibu halijaeleweka."

"Sijui. Sijui upo wapi, sijui kama upo. Na ule wa jokofu pia sikujua. Andika sijui, jaza uwanda wako wote sijui."

Ukuta ulikaa kimya. Bi Mbuke hakuwahi kuusikia ukikaa kimya baada ya kuambiwa kitu. Hata asante haikuja.

* * *

Alichukua fimbo akashuka nyuma ya soko. Jua lilikuwa bado kali. Wanawake kama sita hivi, wote na matumbo yao, walikuwa wamechuchumaa kwenye vichuguu na visu vya jikoni, wanabandua mabonge na kuyapangusa. Holo alikuwa pembeni, shavu limevimba kwa udongo, mfuko wa pili umefika nusu.

"Umerudi, mayu," alisema Holo, bila ubaya. Akakishika kidude, labda ili amalize ubishi mapema. "Mjuzi, hebu rudia. Udongo huu unalika?"

Kidude kilichelewa.

"Mada hii haina msemaji," kilisema.

Holo alikitikisa. Akauliza tena kwa maneno mengine. Mwanamke aliyekuwa karibu naye aliuliza chake, na wa nyuma yake akauliza chake, na shingo zote zikajibu mamoja, kwa sauti ile ile, isipokuwa sasa haikusikika kama imeshiba. Visu vilisimama. Waliangaliana kama watu waliozimikiwa taa katikati ya chakula, wasijue mkono waupeleke wapi.

Kule juu, upande wa shule, kengele ililia. Bi Mbuke alifikiri juu ya mwalimu mkuu na ukuta wake, ambao wakati huu nao ulikuwa hauna la kusema. Angemwendea kabla Neema hawajamfikia, na angemwambia kwa mdomo. Pengine angesikiliza. Pengine angemwona inzi. Kesho angekwenda tena.

"Mayu," Holo alisema. Alisema polepole, kwa aibu, kama mtu anayeomba kitu ambacho kwao hakiombwi. "Eti wewe, unaonaje?"

Bi Mbuke aliweka fimbo chini. Alitafuta jiwe lililo kivulini, akakaa, akapapasa mahali pa jirani yake.

"Kaa hapa," alisema. "Kuna ninachokijua na kuna nisichokijua. Nitakwambia vyote viwili."

Holo alilisogeza bonge kutoka shavu hili kwenda shavu lile, akamtazama bibi, akautazama mfuko wake. Kisha akainama pembeni na kutema.